Speke alifika ziwani kwetu na hakuliona ziwa

Kuna hoja moja naisikia sana siku hizi, hasa kwa vijana waliosoma, na naisikia hapa hapa Kigoma, kwenye vibanda vya chipsi pale Mwanga, kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, mpaka msibani watu wakiwa wamekaa kwenye mkeka. Inaenda hivi: ungezaliwa Ujiji ungekuwa Mwislamu, ungezaliwa Kasulu kule Kabanga karibu na misheni ungekuwa Mkatoliki, ungezaliwa India ungekuwa Mhindu, kwa hiyo huyo Mungu wako katoka kwa watu waliokulea na kwenye kichwa chako, basi. Mtoto wa shangazi yangu ambaye kamaliza chuo juzi juzi aliniambia usoni bila kupepesa, "Dada, Mungu ni mtazamo tu."

Siwezi kuipita hoja hii kirahisi maana inazungumzia nyumba niliyotoka. Mama yangu ni mtu wa Ujiji, Mwislamu, baba ni Muha wa Kasulu, Mkatoliki. Walipooana, ndugu wa pande zote mbili wakanuna miaka, halafu wajukuu wakazaliwa wakaacha kununa. Bibi mzaa baba alikuwa akishtuka kitu anamtaja Imana, yaani Mungu kwa Kiha, bibi mzaa mama akishtuka anaita Subhanallah, na sisi watoto tulikuwa tunaona kawaida kabisa. Kwa hiyo tangu mdogo najua watu wawili wazima wenye akili zao timamu, wanaopendana, wanaweza kukaa sebule moja na kila mmoja akawa na uhakika na kitu ambacho mwenzake hakioni. Wala sijawahi kuwaza kwamba mmoja wao ni mjinga.

Jibu langu kwa huyu kijana sehemu kubwa nimelitoa kwenye historia ya hapa hapa kwetu, tena historia ambayo wengi tunaikatisha pale penye Livingstone na Stanley chini ya mwembe mwaka 1871 tukidhani hakuna kingine. Kabla yao, Februari 1858, walifika hapa Ziwa Tanganyika Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Walitoka pwani wakapita Tabora, enzi hizo wakiita Kazeh, miezi na miezi njiani, homa juu ya homa. Burton alifika huku miguu imekataa kabisa, anabebwa. Speke alifika macho yamevimba na kuwasha kiasi kwamba alikuwa karibu kipofu. Sasa wakapandishwa mlima wa mwisho, na juu pale Burton akaona kitu kinang'aa kule chini, akamuuliza Sidi Mubarak Bombay, Myao mmoja aliyewahi kuuzwa utumwani mpaka India akarudi, kile ni nini kile. Bombay akamjibu kwamba kwa maoni yake yale ni maji.

Burton akatazama. Miti ilikuwa inamziba na jua lilikuwa linampiga, akaona kamstari kembamba tu ka mwanga, na moyo ukamvunjika. Yani alianza pale pale kujuta kwamba kaharibu afya yake yote kwa kitu kidogo namna ile. Halafu wakasogea mbele hatua chache, miti ikaisha, na ziwa zima likafunguka mbele yake na milima ya Kongo ng'ambo, na mtu yule yule aliyekuwa anajuta akasahau uchovu wote, kajaa furaha. Wakati huo Speke yuko hapo hapo, juu ya mlima huo huo, na anachokiona yeye ni ukungu na mng'aro. Ilimuuma sana, mtu umetembea kutoka baharini kutafuta ziwa, umefika, wenzako wote wanalishangaa na wewe huoni.

Mimi hii habari kila nikiirudia inanigusa upya. Ziwa lenyewe ni hili hili, urefu zaidi ya kilomita 670, kina karibu mita 1,470, duniani linazidiwa kina na Baikal peke yake, siyo kitu cha kupotea machoni. Watu watatu wamesimama sehemu moja. Mmoja kaona ukungu, mmoja kaona kamstari akakata tamaa na dakika chache baadaye kaona kila kitu, na wa tatu kasema kwa upole kwamba anadhani ni maji. Hakuna aliyedanganya hapo. Speke angesema "mimi sioni ziwa" angekuwa anasema ukweli mtupu kuhusu macho yake, lakini asingekuwa amesema chochote kuhusu ziwa. Na chini kule wavuvi walikuwa wanavua kama siku zote.

Kwa hiyo mtu akiniambia "mimi sijawahi kumhisi Mungu hata siku moja" namwamini, sijui kwa nini watu wa dini tunapenda kumjibu mtu kama huyo kwamba ana kiburi au hajatafuta vizuri, Speke alikuwa ametafuta kuliko karibu kila mtu. Ila akiniambia kwa sababu hiyo hayupo, hapo kaongeza kitu ambacho macho yake hayakumpa.

Lakini nataka niwe mkweli kwa pande zote mbili, maana historia hiyo hiyo inakata na upande wetu sisi waumini. Burton alikuwa anatamani sana ziwa hili liwe chanzo cha mto Nile. Kaskazini kuna mto Rusizi, na kama Rusizi ungekuwa unatoka ziwani kwenda kaskazini basi hesabu yake ingekaa vizuri. Wenyeji wakamwambia mto ule unaingia ziwani, hautoki. Hakufika kwenye mdomo wa mto kuthibitisha, na tumaini lile hakuliacha moja kwa moja, miaka baadaye akiwa Uingereza alikuwa bado anasema inawezekana. Mwaka 1871 ndo Livingstone na Stanley wakapanda mtumbwi kutoka Ujiji mpaka kule na wakakuta unaingia, kama watu walivyosema tangu mwanzo. Mtu akitamani kitu sana anakiona hata pasipo na kitu, na sisi tunaosali tusijifanye hatulijui hilo. Ni mara ngapi mtu anataka kuoa msichana fulani halafu anasema kaoteshwa, au mchungaji anataka gari na sauti inamwambia waumini watoe. Nalichukulia hili kwa uzito mkubwa sana, mtu anayetumia neno "Mungu kaniambia" kuficha tamaa yake anawaharibia hata wale waliosikia kweli.

Kuna kitu kingine cha wakati huo huo ambacho nakipenda zaidi na sijaona watu wakikizungumza. Kabla Burton na Speke hawajaja, wamisionari waliokuwa pwani, Erhardt na Rebmann, walikuwa wanawasikiliza watu wa misafara. Huyu anasema bara kuna ziwa kubwa, yule aliyepita njia nyingine naye anasema kuna ziwa kubwa, wa tatu wa kusini kabisa naye vile vile. Wao wakaunganisha maelezo yote wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa sana katikati ya Afrika, lina umbo kama konokono asiye na gamba, ikatolewa Ulaya mwaka 1856 na watu wakaishangaa. Burton na Speke walipofika Tabora ndo mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, akawaambia hapana, hayo ni maziwa matatu mbalimbali. Nyasa, hili letu, na lile la Ukerewe, yaani Victoria. Na ndo ilivyokuwa.

Naikumbuka ramani hiyo kila ninaposikia ile kauli nyepesi ya kwamba dini zote ni kitu kimoja, sote tunasema jambo lile lile. Inatolewa kwa nia njema, najua, hata nyumbani kwetu imesaidia kupoza ugomvi, lakini kila shahidi alikuwa mkweli na ramani bado ikawa ya uongo, kwa sababu mchoraji alishona maelezo ya watu bila kuwauliza kila mmoja ulikuwa umesimama wapi. Mama anaposema Allah hana mwana na baba anaposema Mwana alikufa msalabani, hawasemi kitu kimoja, na ni kuwakosea heshima wote wawili kuwaambia wanasema kitu kimoja. Na tena haiwi kwamba kwa kuwa wanatofautiana basi hakuna ziwa hata moja.

Sasa tuje kwenye macho yenyewe maana huyu kijana wetu anapenda sayansi, na mimi pia naipenda. Chukua karatasi, chora msalaba mdogo kushoto na nukta nene kulia, viachane kama sentimita 8. Funga jicho la kushoto, lile la kulia likazie msalaba, halafu sogeza karatasi taratibu karibu na mbali, kwenye sentimita kama 30 hivi utaona nukta imepotea. Haijaenda popote. Pale mshipa unapotokea nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo hakuna sehemu ya kupokea mwanga, kwa hiyo kila jicho lina shimo, na umeishi nalo tangu kuzaliwa bila kujua kwa sababu ubongo unalijaza kwa rangi ya jirani. Angalia unavyojaza: pale kwenye nukta huoni giza, unaona karatasi nyeupe. Au angalia mwezi mpevu alfajiri unapozama upande wa Kongo, unaonekana mkubwa ajabu, halafu upige picha na simu uone ulivyo mdogo kwenye picha. Mwanga haukudanganya, tafsiri ya kichwani ndo imeongeza ukubwa.

Waislamu wa zamani walilijua hili vizuri sana kabla ya hizi vidio za YouTube. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake kubwa Misri miaka kama 1,000 iliyopita, alieleza kwamba jicho linapokea mwanga kutoka kwenye vitu, na kwamba sehemu kubwa ya kuona ni hukumu ambayo akili inaifanya haraka mpaka wewe mwenyewe huistukii. Baada yake akaja al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipitia kipindi cha mashaka makali kabisa, akasema unatazama kivuli unakiona kimesimama, ukirudi baada ya saa moja unajua kilikuwa kinatembea muda wote, unatazama nyota unaiona ndogo kama dinari, na hesabu zinakwambia ni kubwa kuliko dunia. Akajiuliza kama hisi zinadanganya na akili ndo imezikosoa, nani ajuaye kama hakuna kitu kingine juu ya akili ambacho kingekuja kuikosoa akili nayo. Huyu alikuwa mwanazuoni mkubwa wa dini, siyo mpinzani wa dini. Kwa hiyo vijana wakidhani wao ndo wa kwanza kugundua kwamba tunaona kwa mtazamo, hapana. Mama ananikumbusha Qur'ani yenyewe inasema macho hayamfikii Yeye, baba naye anamtaja Paulo aliyewaandikia Wakorintho kwamba kwa sasa tunaona kwa kioo, kwa fumbo. Wote wawili wameambiwa na dini zao kwamba hawaoni vizuri, na hilo ni jambo ambalo kwenye mahubiri halisisitizwi inavyotakiwa.

Ile hoja ya "ungezaliwa pengine" ndo naijibu hivi. Mtoto akizaliwa hapa Kigoma kiangazi, miezi ile watu wanachoma mapori na vumbi limejaa angani, ng'ambo hakuonekani kitu, ni maji mpaka mbingu. Bibi yake anamwambia kule ng'ambo kuna milima, kuna nchi inaitwa Kongo, kuna watu. Mtoto anaamini. Kwa nini anaamini? Kwa sababu bibi kasema, na angezaliwa Lindi bibi asingemwambia. Chanzo cha imani yake ni malezi matupu. Halafu mvua za kwanza zinanyesha, hewa inasafishika, asubuhi moja milima hiyo hapo. Kujua imani ya mtu imetokea wapi hakukuambii kama ni kweli au si kweli, hayo ni maswali mawili na huyu kijana anayachanganya. Najua atanijibu kwamba bibi huyo huyo alimwambia mtoto ziwani kuna joka kubwa linalomeza mitumbwi, na lenyewe halijatokea mvua ikinyesha. Sawa kabisa. Ndo maana kuambiwa hakutoshi, ila pia kuambiwa siyo kasoro.

Mtazamo unakuwa na madhara kweli kweli pale mtu anapougeuza kuwa hukumu ya mwenzake. Ziwa lilipopanda kuanzia 2020 hivi, likameza nyumba na sehemu za mwalo pale Kibirizi, watu wakahama na magodoro kichwani, nilisikia kwa masikio yangu watu wakisema ni adhabu, wale wa mwaloni ni walevi na wazinzi, Mungu kachoka. Wengine wakasema ni mizimu imekasirika. Mvua zilikuwa zimenyesha kupita kiasi eneo zima, mito inaingia ziwani kutoka nchi nne, na njia ya kutokea ni moja tu, mto Lukuga kule Kalemie upande wa Kongo. Ziwa la namna hiyo likipokea kuliko linavyotoa linapanda. Mama mmoja anayekausha dagaa, kapoteza chanja zake zote na chumba, alikuwa anasali ule ule usiku anaohamisha vitu na anamshukuru Mungu watoto wako hai. Aliyesimama mlimani na nyumba kavu ndo aliyeona adhabu, na yeye aliyekuwa majini hakuona adhabu. Mimi kwenye hilo sina upole, yule wa mlimani alikuwa amekosea na alikuwa amemwonea mwenzake kwa jina la Mungu.

Nimefika sehemu ambayo ni ngumu kwangu kuandika. Tulikuwa na mdogo wetu, kitindamimba, akafa kwa homa, usiku, hospitali, mama na baba wote wawili wakiwa pembeni ya kitanda. Mama anasema kwenye saa zile za mwisho kulikuwa na utulivu ndani ya kile chumba ambao hajawahi kuupata kabla wala baada, kama vile mtu kaingia akasimama nao, na mpaka leo anasema hajawahi kuwa na uhakika na Mungu kama usiku ule. Baba alikuwa upande wa pili wa kitanda hicho hicho. Baba anasema hakusikia kitu. Alisali rozari mpaka mwisho na anasema ilikuwa kama kuongea kwenye simu isiyo na mtu upande wa pili, na baada ya hapo miaka akawa anaenda kanisani kukaa tu, haimbi, hapokei komunyo.

Watu wenye majibu ya haraka wote wamewahi kupita nyumbani kwetu. Aliyesoma saikolojia akasema mama ubongo ulikuwa unajikinga na maumivu. Mcha Mungu akasema baba imani yake ilikuwa haba. Kila mmoja wao alichukua ushuhuda wa mzazi wangu mmoja akautupa ili hesabu yake itimie, na mimi siko tayari kumtupa mzazi yeyote. Ndiyo, inawezekana ubongo wa mama ulifanya kitu, ubongo unafanya kitu kila tunapoona chochote, hata ukiona kikombe mezani ubongo umefanya kazi na kikombe kipo. Na ukimya aliousikia baba nao ulikuwa ukimya kweli. Mama mwenyewe ndo hajawahi kumwambia baba kwamba alipaswa kuhisi, alikuwa anamwambia tu, "Baba fulani, mimi nilikuwepo kwa niaba yetu wote." Baba alikuwa hajibu, ila alikuwa hatoki chumbani mama anapoanza kusali.

Mimi naamini. Siamini kwa sababu nimeshinda ubishi, wala sijawahi kupata usiku kama wa mama. Naamini kwa kuwa nimemtazama mama miaka yote baada ya msiba na nimeona alichokutana nacho kimemfanya awe mpana kuliko alivyokuwa, mwenye subira na watu wasiofanana naye, na mambo ya kujidanganya kwa uzoefu wangu humfanya mtu awe mkali na mwembamba. Huo siyo uthibitisho wa maabara, ni ushahidi wa mtu ninayemjua, na mambo mengi makubwa ya maisha yangu nimeyaamua kwa ushahidi wa aina hiyo.

Nilimweleza mtoto wa shangazi haya yote tukiwa tunatembea kutoka Katonga, akasikiliza vizuri, halafu akaniuliza swali ambalo kusema kweli ni zito kuliko lile la kwanza. Akasema, dada, sawa, macho yetu ni mabovu, lakini kama Mungu yupo na anataka ajulikane, kwa nini akatupa macho mabovu namna hii, kwa nini baba asipewe hata kidogo usiku ule? Nimelifikiria sana. Nilichoweza kumjibu ni kwamba kama tungepewa wote kuona sawasawa, mama asingekuwa na sababu ya kumsubiri baba na baba asingekuwa na haja ya kukaa pale mama anaposali, na sijui kama ndoa yao ingefika hapa ilipofika. Akasema hilo ni jibu zuri kwa ndoa, siyo kwa marehemu. Ni kweli, na hapo ndo tulipoishia, tukaagana kuendelea Jumapili akija kula.